Kabla ya kununua bastola ya bei nafuu

Barua tunayoijibu wiki hii imetoka mbali. Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Tanga anayeishi Columbus katika jimbo la Ohio, Marekani, anatuuliza swali ambalo ukurasa huu wa familia haujapata kuulizwa. Yeye ni dereva wa teksi za mtandao, kazi yake ni ya usiku, ana mke na watoto watatu, mkubwa wao akiwa na miaka tisa. Miezi miwili iliyopita dereva mwenzake aliporwa kwa kutishiwa silaha. Tangu usiku ule ndugu yetu amekuwa akitafuta bastola ndogo, ya kufichika kiunoni, ambayo bei yake haizidi dola 300. Amesoma mengi, ametazama video nyingi, ameuliza wauzaji, na orodha yake imebaki na majina matatu. Anachotaka kwetu ni neno moja tu: achukue ipi? Kisha, kana kwamba amekumbuka dakika ya mwisho, anaongeza kuwa mama yake aliyeko Tanga amemkataza kwa simu, naye hapendi kumvunja moyo, lakini anaona kwamba mama hayajui maisha ya kule.

Tungeweza kumwambia amsikilize mama yake, tukafunga ukurasa. Wapo watakaosema hilo ndilo lililotupasa. Lakini mtu aliyeshikwa na hofu hatulizwi kwa kukatazwa, na ndugu huyu hakuuliza kwa ujinga. Ameuliza kama mnunuzi makini anavyouliza kabla ya kutoa fedha zake. Basi nasi tumeona tumjibu kwa njia hiyo hiyo ya uchunguzi, tuandamane naye mpaka dukani na tukitazame vizuri hicho anachotaka kukinunua.

Wasomaji wetu wa huku yafaa waelewe kwanza jinsi mambo yalivyo kule. Kwetu, raia anayetaka silaha huanza kwa kuomba kibali, vyombo vya dola vikamchunguza, na silaha yenyewe ikasajiliwa. Habari ya aina na bei huja baadaye. Ohio mambo yamepinduka. Mtu mwenye miaka 21 huingia katika duka lenye leseni, akachagua bastola, akajaza fomu ya serikali kuu inayojulikana kwa namba yake, 4473, na muuzaji akawasiliana na mfumo wa uchunguzi wa FBI ulioanza kazi mwaka 1998. Aghalabu jibu hurudi katika dakika chache. Tangu Juni 2022 mtu mzima anayetimiza masharti hahitaji hata kibali ili aibebe bastola hiyo mafichoni. Kwa hiyo mzigo wa kupima, ambao kwetu huchukuliwa na dola, kule humwangukia mnunuzi mwenyewe. Na mnunuzi, kwa desturi yake, hupima bei, uzito na idadi ya risasi.

Fomu hiyo tunamsihi asiijaze kwa haraka. Inauliza hadhi ya uhamiaji. Mwenye makazi ya kudumu anaruhusiwa kununua, ama aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa jumla haruhusiwi isipokuwa awe na sababu maalumu zilizotajwa katika sheria, kama vile leseni ya uwindaji. Inauliza kama mtu amewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mke au mtu wa nyumbani mwake, kosa ambalo tangu mwaka 1996 linamwondolea haki ya kumiliki silaha hata kama lilihesabiwa kuwa dogo. Inauliza pia kama bastola ni ya anayejaza fomu au anamnunulia mtu mwingine. Hapo ndipo baadhi ya vijana wetu wanaweza kuponzwa na wema wao: ndugu hana karatasi zilizokamilika, basi mwenziwe mwenye karatasi anamnunulia. Hilo ni kosa la jinai. Na kwa asiye raia, kutiwa hatiani kwa kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini kwa mujibu wa sheria ya uhamiaji. Ndugu yetu hakutueleza kama ameshapata uraia. Kama bado, bastola ya dola 300 inaweza kumgharimu makazi aliyoyasubiri miaka mingi, kwa kosa moja tu la usiku mmoja.

Lipo jambo la pili ambalo tulishangaa kutoliona katika barua ndefu namna ile. Kampuni kubwa za teksi za mtandao kule Marekani, Uber na Lyft, zinawakataza madereva wao kubeba silaha wakiwa kazini, hata pale sheria ya jimbo inaporuhusu. Uber ilitangaza katazo hilo mwaka 2015. Anayekamatwa nayo anaweza kufungiwa akaunti yake, na kwa dereva akaunti ndiyo riziki. Tazama basi jambo lilivyogeuka. Hofu ya ndugu yetu ni ya barabarani, saa saba za usiku, abiria asiyemjua yuko kiti cha nyuma. Lakini saa hizo hizo ndizo ambazo bastola haitakiwi iwe naye. Akiiacha ndani ya gari lililoegeshwa, anamwekea mwizi wa magari zawadi, kwani bunduki nyingi zinazoibiwa Marekani siku hizi huibwa garini. Itakaa wapi basi? Itakaa nyumbani, katika chumba kinachopakana na cha mtoto wa miaka tisa. Silaha iliyonunuliwa kwa ajili ya barabara itaishi maisha yake yote kabatini.

Na tuseme ameamua kulivunja sharti la kampuni. Hatupendi kumtia mtu hofu juu ya hofu, ila dereva mweusi nchini Marekani hana budi kulikumbuka jina la Philando Castile. Alikuwa mfanyakazi wa mkahawa wa shule huko Minnesota, mwenye kibali halali cha kubeba silaha. Julai 2016 alisimamishwa na polisi, akamwarifu askari kwa adabu kwamba ana silaha, na katika muda mfupi usiofika dakika moja akawa amepigwa risasi ndani ya gari lake, mchumba wake na mtoto mdogo wakiwapo. Mwaka uliofuata askari yule aliachiwa huru na baraza la mahakama. Kibali kilikuwa mfukoni.

Sasa tuingie dukani.

Bastola za aina anayoitafuta ndugu yetu zimejaa sokoni, na ushindani wa kuzifanya ndogo umekuwa mkali. Mwaka 2008 kampuni ya Ruger ilitoa bastola inayoitwa LCP, yenye uzito wa takriban gramu 270 bila risasi na mtutu wa sentimita saba, kiasi cha kupotea kabisa ndani ya mfuko wa suruali. Mwaka 2018 SIG Sauer ilitoa P365, ambayo haiizidi kiganja kwa mengi lakini inabeba risasi kumi za milimita 9 katika magazini yake. Taurus, kampuni yenye asili ya Brazil, imekuwa ikiuza bastola yake ya G2C, yenye risasi kumi na mbili, kwa bei iliyo chini ya dola 300, na bila shaka imo katika ile orodha ya majina matatu.

Mtu asiyezizoea silaha hudhani kwamba bastola ndogo ni ya anayeanza, kama vile baiskeli ndogo ilivyo ya mtoto. Ni kinyume chake. Risasi ya milimita 9 inabaki na nguvu ile ile, iwe imetoka katika bastola nzito ya askari au katika kijibastola cha mfukoni. Tofauti ni kwamba uzito mkubwa humeza teke la risasi, na wepesi hulirudisha lote mkononi mwa mpigaji. Mpini mfupi hushikwa na vidole viwili, cha tatu kikaning'inia. Mtutu mfupi hufanya kosa dogo la mkono liwe kosa kubwa kwenye shabaha. Springi ya ndani huwa ngumu, hata mwenye mikono dhaifu akashindwa kuikoki. Wakufunzi wa silaha hulirudia jambo hili kwa wanafunzi wao kila siku: kadiri bastola inavyokuwa rahisi kubeba, ndivyo inavyokuwa ngumu kupiga nayo. Kwa hiyo dola 300 ni malipo ya mwanzo tu. Kuna mafunzo, kuna ada ya uwanja wa shabaha, kuna risasi mamia kadhaa za kujifunzia, kuna ala ya kuifunika kifyatulio, kuna kisanduku cha chuma cha kuihifadhia. Mtu anayesema ana dola 300 na hana zaidi, kwa hesabu hiyo, hana fedha za kununua bastola.

Lakini neno lenyewe, bei nafuu, lina historia yake kule Marekani, na tunataka tukae nalo kidogo kwa sababu hapa ndipo uchunguzi wa ndugu yetu ulipopungukiwa.

Mwaka 1968, baada ya mauaji ya Martin Luther King na Robert Kennedy, Marekani ilipitisha sheria iliyozuia kuingizwa nchini bastola ndogo hafifu kutoka nje. Sheria haikuzuia kutengenezwa bastola kama hizo humo humo nchini. Pengo likaonekana mara moja. Katika eneo la Los Angeles zikazuka karakana, nyingine zikiwa za jamaa wa ukoo mmoja na marafiki zao, zilizokuwa zikimimina aloi ya zinki katika kalibu na kutoa bastola zilizouzwa kwa bei ya chini mno, nyingine chini ya dola 100. Mmojawapo wa watengenezaji hao ulikuwa kiwanda cha Bryco.

Aprili 1994, katika mji mdogo wa Willits, kaskazini mwa California, bastola ya Bryco ilikuwa imewekwa nyumbani na wazazi wa mvulana mwenye miaka saba. Wazazi hawakuwapo, rafiki wa familia, kijana mdogo, alikuwa akimwangalia mtoto. Kijana akaishika ile bastola, kisha akaona bora aitoe risasi. Zingatieni: hakuwa akichezea, alikuwa akitaka kuifanya salama. Lakini bastola ile ilikuwa imeundwa kwa namna ambayo huwezi kuivuta nyuma na kuitoa risasi iliyomo chemba mpaka kwanza ulegeze komeo la usalama. Yaani ili uiondolee hatari, ilikubidi kwanza uiweke katika hali ya hatari. Kijana akalegeza komeo, kidole kikagusa kifyatulio, risasi ikatoka na kumpiga mtoto. Hakufa. Alipooza kuanzia shingoni kwenda chini.

Kesi ilisikilizwa Oakland, hukumu ikatoka mwaka 2003. Ilielezwa mahakamani kwamba komeo lile halikuwa hivyo tangu mwanzo: bastola ilikuwa ikikwama inapovutwa nyuma huku komeo limefungwa, na badala ya kuitibu kasoro ya kukwama, muundo ukabadilishwa ili isiweze kuvutwa kabisa katika hali hiyo. Baraza la mahakama likamkadiria mtoto fidia ya takriban dola milioni 51, zipatazo milioni 24 zikiwa juu ya mtengenezaji na washirika wake katika biashara ile. Sehemu ya lawama iliwekwa pia kwa kijana na kwa wazazi wenyewe. Kampuni ikakimbilia kutangaza kufilisika. Mwaka 2004 mali zake ziliponadiwa, mvulana yule, wakati huo akiwa kijana wa miaka 17 kitini mwake, alichangisha fedha akashiriki mnada, akitaka azinunue bastola zilizobaki ziyeyushwe. Alishindwa na aliyekuwa msimamizi wa kiwanda hicho hicho, na bastola zikaendelea kutengenezwa kwa jina jipya.

Tumekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu hakuna video ya tathmini itakayomwambia mnunuzi jambo hilo. Tathmini humwambia shabaha yake ni sentimita ngapi katika umbali wa mita saba. Haimwambii itakuwaje siku ambayo mtu asiyeijua vizuri, mwenye wasiwasi, ataishika ili aitoe risasi.

Na serikali je? Msomaji atadhani iko idara inayozipima. Mwaka 1972 Bunge la Marekani liliunda tume ya usalama wa bidhaa, ambayo inaweza kuamuru kuondolewa sokoni kwa kitanda cha mtoto, kikaango cha umeme au bastola ya maji. Silaha za moto zilitolewa katika mamlaka yake na sheria yenyewe. Bastola ya kuchezea inakaguliwa. Ya kweli haimhusu mkaguzi huyo. California, kwa upande wake, tangu mwaka 2001 inadai kila aina mpya ya bastola ipite majaribio kabla ya kuuzwa dukani: ipigwe risasi 600, na iangushwe kwenye saruji kuona kama itajifyatua. Ohio haina kipimo hicho. Ndugu yetu anaweza kuitazama orodha ya California, ambayo ni ya wazi kwa kila mtu, japo tunamtahadharisha kwamba orodha hiyo ina masharti mengine pia, hivyo kukosekana kwa aina fulani humo si ushahidi kwamba ni mbovu. Kuwemo kwake, hata hivyo, ni ushahidi kwamba iliwahi kuangushwa mbele ya mtu asiye muuzaji.

Kuangushwa si jambo la nadharia. Mwaka 2013 huko Iowa, msaidizi wa sherifu alikuwa akimkimbiza mshukiwa, bastola yake ya Taurus ikamponyoka, ikagonga ardhi, ikajifyatua. Aliishitaki kampuni, na mwaka 2015 Taurus ilikubali maafikiano yaliyohusu aina tisa za bastola zake za zamani, zikikaribia milioni moja kwa idadi, huku ikikana kuwa ilikosea. G2C haimo katika hizo tisa. Lakini sokoni bastola zilizotumika huuzwa bega kwa bega na mpya, na mtu anayetafuta unafuu hujikuta mbele ya zile za zamani. Kabla ya kulipa, aichukue namba ya usajili wa bastola aulize kwa mtengenezaji kama imewahi kuitwa kiwandani kwa marekebisho. Wala tusiwaonee wa bei nafuu peke yao: SIG Sauer, ambayo bastola yake ya P320 ilichaguliwa na jeshi la Marekani Januari 2017, ilibidi Agosti ya mwaka ule ule iwatangazie wanunuzi wa kiraia kwamba warudishe zao zirekebishwe, baada ya kuonekana kuwa zikianguka kwa pembe fulani zinaweza kujifyatua. Bei kubwa haikuwakinga.

Basi akiwa dukani, kabla hajauliza bei, amwombe muuzaji amwonyeshe bastola tupu jinsi inavyotolewa risasi. Je, komeo la usalama linaweza kubaki limefungwa wakati huo? Je, iko alama ya kuonekana au kuguswa kwamba risasi imo chemba? Na swali kubwa kuliko yote: magazini ikishatolewa, bastola inaweza bado kufyatuka? Kwa bastola nyingi ndogo za leo jibu ni ndiyo. Magazini iko mezani, mtu ameridhika kwamba silaha ni tupu, kumbe risasi moja imo ndani. Magazini hutolewa kwanza, kisha bastola huvutwa nyuma, kisha chemba hutazamwa kwa macho na kuguswa kwa kidole. Anayeanza kwa kuvuta nyuma huku magazini ikiwa ndani, huwa ameitoa risasi moja na kuiingiza nyingine. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza upanga kupokezanwa ukiwa nje ya ala, na akaagiza apitaye msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake asije akamjeruhi mtu. Watu wale walikuwa wapiganaji waliozijua silaha tangu utoto, na bado waliambiwa hivyo.

Sasa turudi kabatini, maana tumekwisha kuona kwamba ndiko bastola itakakoishi.

Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa mauaji yaliyotokea majumbani katika wilaya tatu, mojawapo ikiwa Cuyahoga, huko huko Ohio, ambako ndiko uliko mji wa Cleveland. Walipozilinganisha nyumba zilizopatwa na mauaji na nyumba za majirani, waliona kuwa na bunduki ndani kulihusiana na uwezekano wa mtu kuuawa humo uliozidi mara 2.7, na wauaji wengi walikuwa jamaa au watu wa karibu. Wako waliobishana nao, wakisema pengine wenye hatari ndio wanaonunua bunduki. Ubishi huo una haki yake. Lakini mwaka 2020 ukatoka uchunguzi mwingine, mkubwa zaidi, uliofuatilia watu wazima milioni 26 wa California kwa miaka 12. Habari yake hatuipendi kuiandika katika ukurasa wa familia, ila haifai kufichwa: wanaume wenye bastola walikuwa na uwezekano wa kujitoa uhai kwa risasi mara nane zaidi ya wasio nayo, na wanawake wenye bastola mara 35. Katika mwaka 2022 Marekani ilipoteza zaidi ya watu 48,000 kwa risasi, na zaidi ya nusu yao hawakuuawa na mwizi wala jambazi, walijiua. Na tangu mwaka 2020 risasi ndiyo inayoongoza kwa kuua watoto na vijana wa nchi ile, mbele ya ajali za magari.

Ndugu yetu ni mtu anayefanya kazi usiku, analala mchana vipande vipande, yuko mbali na kwao, na ametuandikia kwamba tangu mwenziwe aporwe hapati usingizi. Hatumtuhumu kwa lolote. Tunasema tu kwamba anaponunua bastola anapima hatari ya mgeni asiyemjua, na hapimi miaka kumi ya maisha ya watu watano ndani ya nyumba yenye silaha: mwaka wa ugomvi, mwaka wa kukosa kazi, mwaka ambao mtoto mkubwa atatimiza miaka kumi na mitano na kufunga mlango wa chumba chake.

Atasema ataificha. Mtoto wa miaka tisa anayejua biskuti za wageni zimefichwa wapi, atashindwa kuijua bastola? Tangu mwaka 2005 sheria ya serikali kuu inamtaka muuzaji mwenye leseni atoe kifaa cha kufungia pamoja na kila bastola anayomuuzia raia. Mara nyingi kufuli hilo hubaki ndani ya boksi, na boksi likatupwa. Kinachofaa ni kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa skrubu mahali kisipoweza kubebwa, bastola ikiwa tupu ndani yake na risasi zikiwa mahali pengine na ufunguo wake. Hapo ndugu yetu atatujibu, na atakuwa na haki, kwamba bastola iliyofungwa hivyo haimfai kitu akivamiwa ghafla. Naam. Ndivyo ilivyo. Ikiwa karibu na mkono wake iko karibu na mikono yote ya nyumba. Ikiwa mbali na watoto iko mbali na yeye pia. Hakuna aina ya bastola, ya dola 300 wala ya dola 3,000, iliyolitatua hilo, na muuzaji hawezi kumuuzia utatuzi asiokuwa nao.

Ushauri wetu, kwa kuwa aliuomba, ni kwamba asiinunue. Fedha zile anunue kamera ya garini inayorekodi ndani na nje na inayoonekana wazi na abiria, kwani mwizi hapendi kuonekana. Ajiwekee saa ya kufunga kazi na mitaa ya kutoingia baada ya saa hiyo, na apatane na madereva wenzake wawe wanatumiana mahali walipo kwa simu. Akitishiwa, atoe simu, atoe gari, atoe fedha. Gari lina bima. Na kama baada ya yote haya bado ataona hana budi, basi asinunue chochote kabla hajamaliza mafunzo kwa bastola ya kuazima uwanjani, kabla hajauliza yale maswali ya komeo, chemba na magazini, na kabla kisanduku cha chuma hakijafungwa ukutani. Kisanduku kitangulie kuingia nyumbani.

Ama kuhusu mama, ni kweli hayajui maisha ya Columbus. Lakini mtoto wa miaka tisa anamjua vizuri, kwa maana alimlea mmoja, na tunadhani huyo ndiye aliyekuwa akimfikiria aliposema hapana.

Limebaki moja. Tumeisoma barua yake mara tatu, na ndani yake wamo muuzaji, dereva mwenziwe, wataalamu wa video, mama yake na sisi. Mkewe hakutajwa kuwa amesema neno lolote. Tunamwomba amuulize, tena amuulize kabla hajalala kesho asubuhi akitoka kazini, kisha atuandikie alichoambiwa.